Shati la Kuondolea Matanga

Wapendwa, nawasalimu wote, mliotoka kanisani na mliotoka msikitini. Naomba mniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Si kiburi. Mbavu zangu za kushoto hazipendi nisimame muda mrefu, na sababu mtaisikia mbele kidogo.

Kikundi chetu hiki ni cha watu waliofiwa wakiwa mbali. Kila mmoja hapa ana kaburi ambalo hakulifikia, kwa hiyo sitawaeleza msiba ni nini. Jumapili zote nilizokuja nilikaa pale karibu na mlango, nikawasikiliza, nikasaidia kupanga viti, nikaondoka. Leo mwenyekiti amesema zamu yangu imefika. Nimesoma shule ya msingi tu, na hiyo nayo sikuimaliza vizuri. Mtanivumilia.

Kwetu ni Uvira, Kongo. Nilipozaliwa mkunga alimwambia mama amepata msichana. Nikapewa jina la kike, nikavalishwa gauni, nikatobolewa masikio. Sikuteswa, nisiwadanganye. Nilipendwa. Lakini tangu nikiwa mdogo, mtu akiniita kwa jina lile niliitika kama ninayeitika kwa niaba ya mwingine ambaye ametoka kidogo. Nilijijua kuwa mimi ni mwanamume. Sikuwa na neno la kulisema jambo hilo, na sikumjua mtu mwingine duniani aliye hivyo. Watu walidhani nataka uhuru wa wavulana, kucheza mpira na kuchelewa kurudi nyumbani. Haikuwa hivyo. Hata nikikaa peke yangu chumbani, bila mpira na bila mtu wa kuniona, hali ilikuwa ileile.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninataka tuelewane, maana najua baadhi yenu mnaulizana. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza pale kwenye ngazi, kwa heshima kabisa, kama ni kweli nilikuwa mwanamke nikageuka. Siku ile nilishuka ngazi nikaenda zangu. Leo namjibu: sikugeuka. Mwili ndio nimekuwa nikiupeleka polepole mahali ambapo mimi nilikuwa siku zote.

Nilikuja huku China, Guangzhou, miaka ile ambayo kila mtu alikuwa anakuja. Shangazi yangu mfanyabiashara alinileta nimsaidie mizigo, kisha yeye akarudi, mimi nikabaki. Hapa hakuna aliyenijua. Nilikata nywele, nikavaa suruali na fulana kubwa, na watu wa kwanza niliokutana nao wakanisalimu kaka. Sikuwasahihisha. Nilitembea mtaa mzima siku hiyo bila kujua ninakokwenda, kwa furaha tu.

Kazi yangu mnaijua, wengi wenu nimewafungia mizigo. Asubuhi niko soko la Zhongda nachagua vitambaa vya wateja walioko nyumbani, mchana niko mtaa wa Guangyuan Xilu nafunga marobota. Nguo zinapangwa, mmoja anapanda juu anakanyaga ili hewa itoke, mwingine anavuta tepu pana na kuzungusha mpaka robota linakuwa gumu kama ubao. Kadiri linavyokuwa dogo ndivyo mteja anavyofurahi. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo.

Sasa kifua changu kilikuwa kinanisumbua. Fulana kubwa haifichi kitu mtu akilowa jasho. Basi nikafanya kosa ambalo nadhani ni sisi wafunga marobota tu tungelifanya. Nikajifunga kama mzigo. Kitambaa ndani, tepu juu. Nikatoa pumzi yote kwanza, nikavuta.

Kwa muda ilinifaa. Joto la hapa mnalijua. Ngozi ikaanza kutoka malengelenge, malengelenge yakawa vidonda, nami nikawa nalala na tepu hivyohivyo kwa sababu kuibandua kuliuma kuliko kuiacha. Nilianza kuongea kwa maneno mafupi. Watu wakasema yule kijana wa Uvira ni mpole sana. Sikuwa mpole. Sikuwa na pumzi.

Mchana mmoja nikiwa juu ya robota nilianguka. Ninachokumbuka ni kelele za wapagazi na laobani, mwenye duka, akisema mfululizo kwamba si yeye, si yeye. Kulikuwa na mama mmoja wa Lubumbashi, mteja wangu, mzigo ulikuwa wake. Simtaji, yeye anajijua, na namwona anavyojificha nyuma ya kitambaa chake. Alinipakia kwenye teksi akanipeleka zahanati. Nesi akachukua mkasi, akakata fulana, akaanza kukata tepu. Mama yule alikuwa amesimama palepale. Nilifumba macho. Nilijua sasa mambo yamekwisha, jioni habari zitakuwa zimefika kila ghorofa.

Mama yule akauliza, "Nani amekufunga hivi?"

Nikasema, "Ni mimi mwenyewe."

Alinishika bega mpaka nesi akamaliza kukata. Halafu akaniambia, "Bidhaa ndiyo inafungwa hivi, papa. Mtu hafungwi hivi."

Mlioko hapa kutoka Tanzania na Kenya, niwaeleze. Kwetu Kongo kwa neno papa tunamwita mwanamume kwa heshima, hata akiwa kijana. Mama yule alikuwa ameniona wazi, hakuna kilichobaki cha kuficha, akaniita papa. Nililia mpaka nesi akadhani ameniumiza.

Ubavu ulikuwa na ufa, na vidonda vilichukua muda mrefu kupona. Mama yule alikuwa akiniletea ugali na samaki na hakuniuliza swali lolote mpaka niliposema mwenyewe. Niliposema, alijibu kwamba hajaelewa vizuri, lakini anaelewa kwamba nikiendelea peke yangu nitakufa. Yeye alikuwa akienda Bangkok kununua bidhaa, na huko alikuwa amesikia kuna madaktari waliozoea watu kama mimi. Safari iliyofuata nikaenda naye, nikambebea mizigo, naye akanifanyia ukalimani kwa Kiingereza chake cha sokoni.

Daktari yule hakushangaa hata kidogo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kustaajabiwa. Alisema watu kama mimi wako kila nchi na walikuwapo siku zote, na kwamba hakuna barabara moja ya kupita. Yuko anayebadili jina na mavazi tu, basi, maisha yake yakatulia. Yuko anayetumia dawa za homoni, sauti ikashuka na ndevu zikaota. Yuko anayefanyiwa upasuaji wa kifua, au zaidi ya hapo. Na aliyefika mbali hamzidi uanaume aliyesimama karibu. Alinipima damu, akaniuliza maswali mengi, hakuwa na haraka. Akanionya nisije nikanunua sindano mitaani na kujichoma mwenyewe, na tepu nisiiguse tena isipokuwa kazini. Sasa hivi navaa fulana ya kubana iliyoshonwa kwa kazi hiyo, na nikifika nyumbani naivua. Dawa natumia, kwa usimamizi wake. Upasuaji sijafanya. Mbavu zipone kwanza, halafu nitafikiri.

Dawa zilipoanza kufanya kazi, mambo ya kila mwezi yakakoma, kina mama mnanielewa, na sauti ikaanza kuvunjika. Hilo lilinifurahisha na kunitisha, kwa sababu ya mama yangu. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nampigia simu. Kwanza nikamwambia nina mafua. Mafua gani hayaishi? Jumapili moja nikasema haloo, akauliza, "Wewe ni nani?"

Ndugu zangu, kuulizwa na mama yako wewe ni nani, hilo siombei mtu. Nikamwambia ni mimi, mwanao. Nikamweleza yote, vibaya, bila mpangilio, huku naogopa salio litaisha. Nilipomaliza nikasikia kuku wake kule uani. Kisha akasema, "Sijaelewa. Lakini piga tena Jumapili."

Nikapiga tena Jumapili. Akapokea. Hakuwahi kuniambia kwamba ameelewa, na sidhani kama alielewa. Aliniuliza kama nakula, kama huku kuna baridi, kama nasali. Mara moja tu alisema sauti yangu inamkumbusha mjomba wake aliyekuwa akiimba kwaya. Jina langu la zamani aliacha kulitaja, na jipya hakulitaja pia. Alikuwa akiniita mwanangu, na mimi sikutaka zaidi ya hapo.

Alifariki ghafla, presha. Walimzika kesho yake, na mimi nilikuwa bado natafuta ndege. Mmeyapitia haya wote, sirefushi.

Baada ya miezi kadhaa kaka yangu mkubwa, sisi tunasema yaya, akanipigia kuhusu kuondoa matanga. Kwetu siku ya kuondoa matanga familia nzima inavaa kitenge kimoja. Mabinti wanashona magauni, wana wa kiume mashati, watu wakiwaona wanajua hawa ndio watoto wa marehemu. Na kwa kuwa mimi niko huku kwenye vitambaa, kazi ya kukichagua ilikuwa yangu. Nikakubali kwa moyo wote. Kisha yaya akasema, "Gauni lako litashonwa pamoja na ya dada zako. Ukija na suruali, usifike uani kwangu."

Nilikwenda Zhongda nikachagua kitenge cha buluu iliyoiva chenye majani meupe, rangi ambayo mama angeivaa. Sikuomba kupunguziwa bei. Laobani wa duka lile amezoea kugombana nami, aliinua kichwa akaniuliza, pengyou, yaani rafiki, leo unaumwa? Nikamwambia ni cha mama. Kwetu kitambaa cha msiba hakipiganiwi bei. Alikikunja yeye mwenyewe, taratibu. Nikalifunga robota lile kwa mikono yangu, nikalituma. Kisha nikarudi chumbani kwangu nikalala, na sikutaka kuamka.

Hapo ndipo nilipoanguka kweli. Pale sokoni ulianguka mwili tu. Sasa niliacha kwenda kazini. Sikujibu simu. Hata dawa niliacha, kwa sababu sikuona namwonyesha nani ndevu hizi. Nilikuwa najiambia kwamba gauni ni siku moja. Nilivae, nimlilie mama yangu, nirudi. Halafu naona nimesimama kaburini na wanaomwambia marehemu kwaheri ni dada zangu na mtu mwingine ambaye si mimi. Mama alikuwa ameipokea sauti yangu. Ningemuagaje nikiwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo?

Mama wa Lubumbashi alikuja akagonga mlango mpaka jirani Mchina akatoka kugombeza. Akaingia na wawili wenu, wanaume wazee kidogo, nao siwataji. Wakatandika maboksi chini, wakakaa. Hawakuhubiri. Mzee mmoja akasema wamekuja kukaa matanga na mtoto wa kiume wa marehemu, kwa sababu wamesikia hakuna aliyekaa naye. Wakakaa mpaka jioni. Tuliongea habari za mama, na tuliongea habari za makontena pia, mnajua wazee wa hapa. Walipoondoka nilikula.

Kesho yake nikampigia yaya. Niliogopa kuliko siku ya zahanati. Nikamwambia, "Yaya, gauni sitavaa. Sitakuja kupigana na wewe, na sitakuja kumwaibisha mama. Ukinikubali na shati nitakuja. Ukikataa, nitamlilia hapa, na hapa watu wapo wa kulia nami."

Akakata simu. Wiki zikapita. Nikarudi kazini, nikarudi kwenye dawa, nikaanza kuja hapa. Sikuwa mzima, nilikuwa natembea tu.

Juzi juzi nikiwa Guangyuan Xilu katikati ya mizigo simu ikalia. Yaya. Hakunisalimu. Akasema, "Fundi yuko hapa, anataka kumaliza kazi. Shingo yako namba ngapi?"

Sikujua. Katika maisha yangu hakuna fundi aliyewahi kunipima shingo. Nikamwambia subiri, usikate. Mama wa Lubumbashi, aliyekuwa pale akikagua mzigo wake, akachomoa futi kwenye mkoba wake, akanizungushia, akasoma, nami nikaitaja inchi kumi na tano na nusu. Yaya akairudia kwa fundi. Nikamsikia fundi anauliza jambo, na yaya akamjibu, "Ni ya mdogo wangu, yuko China. Kata kama langu." Kisha akaniambia niangalie ndege mapema, akakata.

Basi ni hayo. Nasafiri Alhamisi. Sijui uwanja wa ndege watanishikilia muda gani, kwa maana pasipoti inasema jambo moja na uso unasema lingine. Sijui shangazi zangu watanisalimu au watageuza shingo. Yaya hajasema ameelewa. Nimechoka, ndugu zangu, na sitawaambia kwamba shida zangu zimekwisha.

Namshukuru mama yule. Nawashukuru wazee wawili, na daktari wa ng'ambo, na ninyi mlionikalisha hapa bila kunihoji mlangoni. Kama kuna mmoja wenu, au mtoto wa mmoja wenu, aliye kama mimi, asijifunge peke yake chumbani. Amtafute daktari, na amtafute mtu mmoja wa kumwambia. Na wewe utakayeambiwa, huna haja ya kuelewa siku hiyo hiyo. Kaa naye kwanza. Kuelewa kutakuja, na kukichelewa, mtu atakuwa bado hai.

Shati limeshashonwa, liko Uvira, limening'inia kwa yaya. Nikifika nitalivaa, yaya atavaa lake, tutakwenda kwa mama.