Rubani Aliyelala Saa Moja na Nusu

Simu ililia saa nane usiku, ikalia tena, na Nesrine akaidaka kabla haijamwamsha mtoto, lakini mumewe Wassim alikuwa ameshakaa kitandani, soksi bado miguuni, maana ndege aliyotoka nayo Istanbul ilitua saa tano na yeye alilala saa moja na nusu tu. Akasema "ndiyo bosi" mara tatu, akavaa shati lile lile. Jedda, kwenda na kurudi. Mchana wake, saa saba na robo, Nesrine akashindwa kukaa ndani. Akambeba mtoto, Iyed, akashuka hadi kwenye benchi la kahawa la Ridha, kona ya mtaa wa L'Aouina, pale ndege zinapopita juu ya kamba za nguo zikienda kutua. Ni miezi miwili tu tangu wahamie mtaani, na wazee wa benchi walijua tu kwamba mumewe "yuko uwanja wa ndege."

Ridha akamsogezea kiti. Wazee walikuwa wameshapamba moto.

— Rubani anakula mshahara wa walimu kumi, bado anagoma! — alifoka Mongi, waliyemwita Kamanda kwa vile alibeba mizigo ya abiria uwanjani miaka thelathini. — Anagomea nini?

— Usingizi, — alisema Hédi. Huyo walimwita Wakili. Alikuwa bawabu wa mahakama.

— Alipwe kwa kulala?

— Chama chao kimeamuru: saa za kupumzika, mwanachama asipokee simu ya kampuni. Mwaka wa arobaini huu nimeoa, na nyumbani sijapumzishwa hata saa tatu. Nigome wapi?

Wakacheka. Hata Chedly, mzee mwenzao, akacheka, naye leo alikuwa amejipamba, kanzu ya jebba nyeupe iliyopigwa pasi na manukato ya kumaliza mtaa, kwa sababu mkewe alikuwa anarudi mchana huo kutoka umra.

— Ndege yenyewe inajiendesha, — alisema Kamanda. — Rubani anabonyeza kitufe kimoja, halafu anakunywa kahawa. Miaka thelathini sikumwona hata mmoja akitoka jasho. Jasho lilikuwa langu peke yangu.

— Na goti lako lililoumia kazini nani alilipigania mpaka ukalipwa? — aliuliza Ridha.

— Chama.

— Ahaa!

— Chama cha wapagazi, bwana! Kile kilikuwa chama cha haki. Hiki cha marubani ni genge.

— Mnajua mkuu wao ana kiwanda cha mito? — alinong'ona Wakili, akiinama kama anayetoa siri ya serikali. — Ya kulalia. Kila rubani akipata saa moja zaidi ya kulala, yeye anauza mto.

— Muongo wewe!

— Na magodoro yanakuja. Mwakani watataka walale humo humo angani, abiria wawaimbie.

— Mke wangu sauti anayo, — alisema Chedly. — Atawaimbia mpaka waombe kazi.

Wakacheka tena, na Nesrine akajiambia nyamaza, nyamaza, Wassim alikuonya, lakini maneno yakatoka yenyewe, yanasukumana.

— Mume wangu ni rubani! Hajalala, baba zangu, amelala saa moja na nusu, wenye kadi ya chama hawapokei simu, basi wanaopigiwa ni vijana wapya, na kadi haitolewi mpaka umalize mwaka, naye ana miezi saba, akikataa wanamwambia kesho usije. Sasa hivi yuko angani, anatoka Jedda.

Chedly akaweka kikombe chini taratibu.

— Jedda ya saa ngapi, binti yangu?

— Inatua saa saba na nusu.

Ndiyo ndege aliyopanda mkewe Chedly. Akasimama, jebba ikanasa kwenye msumari wa benchi ikachanika, hakuiangalia. Wote wakainua nyuso. Saa saba na nusu ikapita. Kamanda akasema labda ni upepo. Wakili akatazama saa, akaitazama tena.

Kisha mlio ukaja, na tumbo la ndege likapita juu ya nguo, matairi yakiwa yametoka, bawa moja limelala, likanyooka. Wakasikiliza. Kwa mbali injini zikanguruma mngurumo ule wa kufunga breki, zikatulia. Chedly akakaa.

— Mnaona? — Kamanda alisema. — Imejitua yenyewe.

Nesrine akamhamishia Iyed bega la pili, kiatu kimoja cha mtoto kikadondoka.

— Na leo usiku simu ikilia tena, — aliuliza Nesrine, — nimwambie apokee au asipokee?

Wakili akatazama viatu vyake. Kamanda akawa anasugua goti lake. Ridha akainamisha birika. Likatoa machicha matupu.

— Basi msimwambie mtu, nawaomba. Kampuni wakisikia nimesema, wanamfukuza.

Midomo ile, ambayo jana tu ilisambaza talaka ya watu mtaa mzima kabla ya asubuhi! Lakini Chedly alikuwa ameshika kiatu kidogo cha Iyed kilichodondoka, anamvisha polepole.

— Sitamwambia mtu mwingine, — alisema. — Hata mke wangu. Nitamwacha aamini kwamba rubani alilala usiku kucha.