Dada Yetu Aliyeikatalia Mashine

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, mkemia, ambaye kazini mlimwita Mama Haiwezekani, na nimeombwa nisome bila kutia chumvi, jambo ambalo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, sekondari ya wasichana mwaka 1975, kisha akahitimu shahada ya kemia mwaka 1985, na mama alikuwa akisimulia kwamba hata maziwa ya kopo aliyanusa kwanza ndipo akubali kunywa.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika maabara ya kupima dawa, akakabidhiwa mashine inayogeuza kimiminika kuwa mvuke na kuupitisha kwenye mrija mrefu mwembamba, ambamo kila kitu hutoka kwa dakika yake, naye akajiwekea desturi ya kuchora kwanza umbo la molekuli, mnyororo wake na matawi yake, kupiga hesabu na kuandika ubaoni dakika anayoitarajia, ndipo awashe mashine, kwa kuwa hakuiamini, kama ambavyo hakumwamini muuza nyama, fundi saa wala mimi.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1988 na shemeji yetu, dereva wa maabara, baada ya kumchunguza miaka miwili, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hawakuwahi kufaulu kutoroka nyumbani.

Mwaka 2022 uliletwa mzigo wa dawa ya kikohozi ya watoto, pamoja na chupa ya kielelezo, yaani kimiminika kinachodaiwa kuwa halisi, cha kulinganishia kile kilichotumika kuyeyushia dawa hiyo, vyote kutoka kwa msambazaji yuleyule, mashine ikavitoa vyote dakika ya tisa, wakubwa wakafurahi kwamba vimelingana, lakini ubaoni dada alikuwa ameandika dakika ya sita, maana molekuli iliyotajwa kwenye lebo ni fupi na nyepesi, haina sababu ya kuchelewa, akasema kulingana huko kunaonyesha tu kwamba vimetoka pipa moja, na pipa lenyewe huenda ni sumu, akakataa kutia saini. Mkuu wake akamwambia mashine haidanganyi, mama, umechoka, akamhamishia chumba cha kuoshea chupa, na aliyefuta ubao ule asubuhi iliyofuata hatujaambiwa mpaka leo, ingawa tunawaona mmekaa hapa.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa, na kitandani aliuliza jambo moja tu, kama mzigo, uliokuwa bado ghalani ukisubiri saini, umetoka, na wenzake wawili walikuwa wamepeleka dawa ile kimyakimya kwenye maabara nyingine yenye kielelezo chake yenyewe, kisichotoka kwa msambazaji, dada akafariki Jumanne tarehe 9 Mei, saa kumi alasiri, jibu likiwa bado halijafika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia kuulizwa kila kidonge kimetoka wapi, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake, pamoja na yule aliyeleta shada lisilo na kadi, ambalo tumeliweka mbali kidogo na jeneza mpaka tumjue.

Dada, jibu limefika jana jioni, kielelezo halisi kimetoka dakika ya sita, kilichomo kwenye chupa ya msambazaji ni kitu kingine, na dawa ile haitatoka ghalani kwenda kwa mtoto yeyote. Safari hii amini, upumzike kwa amani.