Safari Tuliyoiahirisha: Risala ya Wafuaji Wastaafu kwa Nahodha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Nahodha wa meli hii, maofisa wako, wahudumu mliotuamsha kwa chai, na abiria wenzetu wa meza za jirani mliokubali kunyamaza kidogo kwa ajili yetu:

Sisi wanachama wa Umoja wa Wafuaji Wastaafu, tuliofua, kukamua, kuanika na kupiga pasi mashuka ya hospitali tangu ujana hadi mvi, tunakusalimu kwa heshima na kwa furaha kubwa.

KARIBU

Tunajua si kawaida mgeni kumkaribisha mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Lakini meza hii mmetupa sisi, basi kwenye meza hii, karibu sana.

Tuseme pia mapema kwamba risala zetu zote huandikwa na katibu wetu. Hii ya leo tumemnyang'anya kalamu, kwa sababu habari nyingi zilizomo ni zake, na angeziandika yeye angejitoa mwenyewe. Ndiyo maana anatutazama hivyo. Atatusamehe.

HISTORIA YA SAFARI YETU

Chumba chetu cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya hospitali, upande wa nyuma, hakina dirisha ila tundu la feni. Mvuke ulikuwa mzito, mtu ulimjua kwa sauti kabla hujaiona sura yake. Majina tuliyopeana humo ndiyo tunayoitana hadi leo. Anayesoma risala hii ni mwenyekiti, Mzee Boila, aliyekuwa akisimamia maji ya moto. Katibu wetu ni Dada Pasi. Na yule mwenye kofia pana pale dirishani ni wifi yake, mjane wa kaka yake. Tunamwita Kamba, kwa kuwa maisha yake yote kazini alikuwa mwanikaji.

Wazo la meli lilikuwa la Kamba. Alikuwa akisema mle mvukeni, "Ipo siku na mimi nitalalia shuka ambalo sijui kalifua nani." Tulikuwa tunacheka. Tulipostaafu tukaacha kucheka, tukaanza kuchanga. Mwisho wa yote Dada Pasi akatuwekea nafasi kwenye meli ya kampuni yako, na sare tukashona.

Kabla ya siku kufika, daktari wa macho akamwambia Kamba kwamba sukari imeanza kumla macho. Hakumzungusha. Kuona kwake kungepungua, na hakuna aliyejua kungepungua kwa kasi gani. Kamba alitoka huko moja kwa moja hadi kwa wifi yake, hata kuketi hakuketi.

"Wifi, bahari sijawahi kuiona mimi. Meli hiyo ikiondoka nimo, hata kwa kubebwa."

"Na ubebwe na nani, kwa uzito huo?" Dada Pasi akamjibu, wakacheka wote wawili mpaka wakafuta machozi. Ila Dada Pasi anasema machozi yake hayakuwa ya kicheko peke yake.

Hapo ndipo ugonjwa ule wa barakoa, ulioikumba dunia nzima, ulipoingia.

Mheshimiwa, nawe unaikumbuka ile miezi ya mwanzo. Leo redio inasema hivi, kesho inasema vile. Mtu akipiga chafya dukani foleni nzima inapotea. Tulifanya mkutano uani kwa Dada Pasi, viti vimewekwa mbali mbali kama vya watu waliogombana, kila mmoja na barakoa aliyoshona kwa vitambaa vilivyobaki kwenye sare. Waliotaka twende walisema meli ina daktari wake, hewa ya baharini ni safi, na kampuni yenyewe haijafuta safari. Wangekuwa na wasiwasi, si wangefuta? Waliokataa walisema sisi ni wazee, huyu presha, yule sukari, na humo ndani mambo yakiharibika hakuna mlango wa nyuma wa kutokea. Kura zikalingana sawasawa.

Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa kidogo, kusafisha koo tu, watu wakaburuta viti nyuma. Kisha akasema, "Katibu ataamua." Tunaomba sehemu hii isitiliwe maanani sana.

Basi mzigo ukamwangukia Dada Pasi. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba anayetaka kuahirisha aseme kabla wiki haijaisha. Baada ya hapo, twende tusiende, nafasi zetu zingehesabika zimetumika. Dada Pasi akaketi na simu mezani jikoni, mbele ya rundo la nguo alizokuwa hajapiga pasi, na kwake yeye hilo ni dalili ya ugonjwa. Akapiga ofisini kwenu. Akapokea binti mmoja mwenye sauti ya kuchangamka.

"Safari ipo kama ilivyopangwa, mama. Tunawasubiri kwa hamu."

Dada Pasi akauliza habari za hatari.

"Safari ipo kama ilivyopangwa, mama."

Akauliza kama wengine wameahirisha. Jibu likawa lile lile, neno kwa neno. Dada Pasi akavua miwani.

"Binti, una mama wewe?"

"Ninaye."

"Mzima?"

"Ana pumu, ila anaendelea vizuri."

"Ungempandisha hiyo meli?"

Sauti ya binti ikashuka chini chini, wala si ile ya kuchangamka.

"Mama, mimi nimeelekezwa niseme safari ipo. Lakini mama yangu nimemkataza hata kwenda sokoni."

"Nimekuelewa, mwanangu. Tuahirishie sote."

Aliyebaki wa kuambiwa alikuwa Kamba, na Dada Pasi hakutaka kumwambia kwa simu. Alikwenda kwake kwa miguu, akasimama kizingitini, akasema yote. Kamba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo macho ni yako au yangu?" akauliza. Kisha akafunga mlango.

Kuanzia hapo hawakusemezana. Dada Pasi akimpelekea dawa, Kamba anapokea kikapu langoni kwake, anatoa dawa, anarudisha kikapu, salamu hakuna. Sisi wengine tulijaribu kupatanisha tukaambiwa tushughulike na ya kwetu. Dada Pasi hakujitetea. Lakini alikonda. Kila asubuhi alikuwa akifungua redio huku akiomba mambo mawili yasiyokaa pamoja: meli ile iende salama, na yeye awe hakukosea. Kwa sababu ikienda na kurudi watu wakiimba, basi yeye ndiye atakayekuwa amemnyima wifi yake bahari, na macho hayasubiri.

Meli ilikwenda. Yaliyotokea unayajua kuliko sisi. Ugonjwa uliingia humo, bandari ya kwanza ikawakataa, ya pili ikawakataa, watu wakafungiwa vyumbani. Walipofunguliwa njia, wapo walioshuka kwa miguu yao, wapo walioshushwa kwa machela, na wapo ambao hawakurudi kwao kabisa.

Mheshimiwa Nahodha, hatukushangilia. Tunataka ulijue hilo kwa vinywa vyetu. Dada Pasi alizima redio, akakaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Tulijua nafasi zile zilikuwa zetu, na kwamba huenda kuna mtu alizikuta wazi akazichukua.

Asubuhi iliyofuata Kamba alikuja langoni kwa Dada Pasi.

"Wifi, fungua... hapana, usifungue. Nisikilize hapo hapo ulipo."

"Nakusikiliza."

"Umeniokoa. Lakini hukuniuliza."

Dada Pasi akashika nondo za lango. "Ningekuuliza, ungesema nini?"

"Ningesema twende."

"Sasa?"

"Sasa ungeniuliza hivyo hivyo, nikasema twende, tukagombana, nikakasirika nikiwa nimeulizwa. Kuna tofauti."

"Ipo," Dada Pasi akakiri. "Nisamehe, wifi."

"Nimeshakusamehe. Na wewe nisamehe vile vikapu." Wakabaki wamesimama, huyu ndani, huyu nje, hakuna wa kumkumbatia mwenzake, mpaka jua likawa kali.

MAFANIKIO

La kwanza, tupo. Wale wale tuliokutana uani siku ile ndio tulio mbele yako, hakuna aliyepungua. Wapo kati yetu waliougua baadaye nyumbani, akiwamo mwenyekiti, ambaye mara hii alikohoa kweli. Wote wakainuka.

La pili ni macho ya Kamba. Moja limezimika. Jingine lilitibiwa, linaona.

La tatu ni kwamba tulithubutu tena. Kampuni yako ilipotangaza kwamba meli zinarudi baharini, sisi tulirukaruka kwa furaha, na aliyekataa mara hii ni Dada Pasi. Alisema kalamu haishiki. "Niwaandikishe, halafu yatokee kama yale? Mara moja inatosha." Tulimbembeleza tukachoka. Ni Kamba aliyeketi naye jikoni, akamwambia, "Leo usiamue kwa niaba yangu. Niulize."

"Haya. Wifi, utakwenda?"

"Nitakwenda. Nimechanjwa, nimemwuliza daktari, na ninaogopa kama wewe. Nitakwenda hivyo hivyo na woga wangu. Na yakitokea, nimejipeleka mwenyewe."

Dada Pasi akamwuliza kila mmoja wetu vivyo hivyo, mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu kwa kinywa chake. Hata mwenyekiti alijibu bila kukohoa.

Na jana asubuhi, Mheshimiwa, kulipopambazuka vizuri, Dada Pasi alimshika mkono Kamba wakapanda hadi juu. Sisi tukafuata kwa nyuma tukijifanya tunatazama mambo mengine. Kamba akashika ukingo, akageuza kichwa kidogo ili jicho zima liwe mbele. Kisha akasema, "Wifi, mbona mmenificha? Haina mwisho hii!"

Dada Pasi akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua beseni la mashuka mabichi baada ya kupanda nalo ngazi zote. Sisi sote tuliisikia, na tangu hapo hata mabega yake yameshuka. Mtazameni.

CHANGAMOTO

Hazikosekani. Ngazi ya kwenda juu ni kali kwa magoti yetu, na taa yake ni hafifu kwa mtu wa jicho moja. Vilevile tunaomba radhi kwa wahudumu wa vyumba: wenzetu wawili watatu wamekutwa wakitandika vitanda wenyewe na kunusa foronya. Ni ugonjwa wa kazi. Tumewakanya.

Changamoto nyingine tuliikuta tulipopiga simu kuweka nafasi upya. Dada Pasi alimwulizia binti yule, akaambiwa hayupo tena. Alimtafuta mpaka akamkuta katika duka la kutoa fotokopi. Binti akamweleza kwamba wengi walipoahirisha kupitia simu yake, aliulizwa alikuwa anawaambia nini, naye hakukana. Hakulalamika kwa neno hata moja. Alisema tu, "Mama yangu mzima," akaendelea kupanga karatasi. Sisi ndio tulioshindwa kula siku ile.

MAOMBI

Kwa heshima, tunaomba ngazi ile iongezewe taa.

Tunaomba pia utufikishie neno kwa wakubwa wa kampuni. Hatumlaumu mtu, siku zile kila mmoja alikuwa anapapasa gizani. Lakini kama hamkujua, mngesema hamjui. Hilo ni jibu, tungelipokea, na kila mtu angepima mwenyewe. "Safari ipo kama ilivyopangwa" ilituacha na simu mkononi, mzigo wa roho za watu ukiwa juu ya meza ya mama mmoja jikoni kwake, na juu ya binti mmoja mwenye mshahara wa kulinda.

Kuhusu binti huyo, ombi letu unalijua kabla hatujalisema. Kampuni inayobeba watu inahitaji mtu wa aina ile kwenye simu. Tumemwuliza kama anapenda kurudi, akasema anapenda. Jina lake tutakupa pembeni.

Ombi la mwisho ni lako binafsi. Katika siku zile za meli iliyofungwa, abiria mmoja alisema redioni kwamba kuna ofisa anayepita kila siku mlango kwa mlango, anagonga, anataja jina lake, anauliza wameamkaje, na anangoja ajibiwe. Tulipopanda hapa tukaambiwa na wahudumu kwamba ofisa yule ndiye wewe. Tumeona pia kwamba kila mlo unakula umesimama, kikombe mkononi, kisha unaondoka. Tunaomba leo uketi. Hatutakuuliza habari za kule. Ukitaka kuzisema tutazisikiliza, usipotaka tutakupa za boila. Sisi tumeishi kazini tukipokea mashuka ya watu ambao hatukuwaona. Hatushtuki upesi, na hatuna haraka.

Mola awalaze pema wale ambao bahari haikuwarejesha kwao, awafariji waliowangoja bandarini, akulinde wewe na mabaharia wako wote, na atufikishe sote nchi kavu tukiwa wazima na tukiwa na la kusimulia.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Umoja wa Wafuaji Wastaafu, Chumba cha Kufulia cha Hospitali.