Anju Varghese (2001–2025), Mchezaji Aliyemsubiri Mpinzani

Marehemu Anju Varghese, tunayemsindikiza leo Juni 10, 2025 hapa Butiama, alizaliwa Machi 14, 2001, Kottayam, jimbo la Kerala nchini India, mtoto pekee wa Mwalimu Varghese na marehemu Mariamma. Mama yake alifariki Anju akiwa na miaka mitano. Januari 2007 baba yake alikuja naye Musoma kufundisha hisabati kwa mkataba wa miaka miwili, na mpaka leo bado yupo. Sandukuni mwao mlikuwa na raketi mbili za badminton, moja ya baba, moja ya marehemu mama. Mwaka 2010 Mwalimu alifunga ndoa na Bi. Helena wa hapa Butiama, aliyemlea Anju kama wa tumbo lake na kumzalia mdogo wake, Eliud.

Alimaliza darasa la saba Musoma mwaka 2014 na kidato cha nne mwaka 2018. Kwa kuwa alikuwa mrefu, kila shule ilimweka kwenye netiboli, naye alicheza bila kinyongo. Jioni alishika raketi. Baba yake alicheza naye uani mpaka magoti yalipokataa, kisha Anju akabaki na ukuta. Kipira cha badminton ni cha manyoya, chepesi mno, na upepo wa ziwa ulikibeba hadi kwa jirani yao Bhoke. Bhoke alikirudisha mara nyingi mpaka siku moja akamwuliza, kwani yeye anachezaga na nani. Anju alikuwa na miaka kumi na tatu.

"Namsubiri," alijibu.

Alihitimu ualimu mwaka 2021, na Januari 2022 alianza kufundisha hisabati shule ya msingi Bunda. Huko alikuta kitu ambacho Musoma ilimnyima: ghala la pamba lenye paa la juu, lisilopitisha upepo, na tupu kuanzia Oktoba hadi Aprili. Funguo alikuwa nazo Recho, karani wa mizani. Alimruhusu kwa sharti kwamba asiiguse mizani. Wiki ya pili, kwa kumwonea huruma mtu anayekimbizana na kitu chake mwenyewe, akachukua raketi ya pili.

Tangu hapo walicheza kila Jumamosi; pamba ikiingia inawatoa, ikiisha wanarudi. Recho alikuwa na mkono sahihi ajabu. Kila kipira alikirudisha palepale kifuani kwa Anju, kama mtu anavyomkabidhi mgeni sahani. Alidhani kazi ya mtu wa pili ndiyo hiyo. Anju naye, ambaye hakuwahi kuwa na mwingine, alidhani hivyohivyo, na wote wawili waliridhika kwamba wanacheza vizuri.

Desemba 2023 alikwenda kwenye mashindano Dar es Salaam, akiwa na barua ya afisa mmoja iliyomtakia mafanikio katika tenisi. Alifungwa 21–4, 21–6, na mechi haikufika nusu saa. Jioni alimpigia simu Bi. Helena. "Mama, huku wanapiga pale ambapo wewe hupo."

Aliporudi alimwomba Recho naye apige hivyo. Recho aliumia.

"Sasa nikupige pembeni, mdogo wangu, kwani umenikosea nini?"

Alieleweshwa, akakubali, akainua raketi, akarudisha kifuani. Basi Anju alijirushia mwenyewe kipira pembeni, akakikimbilia mwenyewe. Desemba 2024 alishinda mechi moja Dar es Salaam, ya kwanza na ya mwisho. Mkoani Mara alikuwa wa kwanza kati ya wanawake, na wa mwisho pia, kwa sababu alikuwa peke yake.

Marehemu hakuolewa. Waliotaka kujua sababu walimwuliza vya kutosha akiwa hai.

Januari 2025 alianza kuchoka na kutokwa damu puani. Mwezi Februari, Mwanza, aligundulika kuwa na saratani ya damu. Kati ya matibabu alirudi Bunda, na Jumapili ya Aprili 27, siku chache kabla pamba haijaingia, aliomba kupelekwa ghalani. Recho alikuwa ameshafunga wavu.

"Dada Recho, leo unishinde," alimwambia. "Ukinirudishia hapa kifuani tena, nitajua umeshanizika."

Recho alipiga pembeni. Alipiga nyuma, akapiga mbele karibu na wavu, huku machozi yakimtoka na mkono hautetereki. Walicheza mpaka pointi kumi na moja. Anju alipata tatu, na hakuna aliyopewa. Kisha alikaa kwenye magunia akihema, akampigia mama yake simu kumwambia kwamba amefungwa. Bi. Helena anasema hajawahi kumsikia mwanawe na furaha namna ile.

Anju alifariki Mwanza Jumamosi, Juni 7, 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha baba, Mwalimu Varghese, mama, Bi. Helena, mdogo wake, Eliud, wanafunzi wa darasa la tano, na mpinzani mmoja, Recho.

Mungu ampokee, na ampe pumziko lenye amani.