Kifuko cha Maji Kichwani

Kwenye basi la Matiri, Gaudiosa alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Mbele yake, Bernadi alikuwa akimsimulia mama aliyekaa naye kwamba alijitolea kwenye utafiti akiwa mzima wa afya, akapigwa picha ya ubongo, wakamkuta na kifuko cha maji kichwani.

“Walisema hakina madhara, mama. Ila siinami tena. Mashimo ya ngoro shambani, yale ya kuzuia mvua isibebe udongo, anachimba mke wangu, na majani anafyeka yeye.”

“Daktari alikukataza kuinama?”

“Hakunikataza. Lakini hakunihimiza.”

“Na kichwa cha mkeo je?”

“Hicho hakijapigwa picha.”

Kabla mama hajajibu, basi likafunga breki kituoni. Jogoo wa Bernadi akachomoka kikapuni, naye akamfuata chini ya viti, kichwa mbele. Gaudiosa akainua miguu upesi, asije akalowa kifuko kikipasuka.