Nilivyoacha Kung'ata Risasi

Wamama, kabla sijawasalimu: haikuwa malaria. Mwaka mzima mliniletea majani ya kuchemsha, mkaniombea, mmoja wenu akafukiza chumba changu mpaka panya wakahama, na kila mlipouliza nilijibu, "Malaria tu." Nilijua si malaria. Sasa nawasalimu: Yesu asifiwe, na asalaam aleikum, kila mmoja achukue lake. Mniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Bado nachoka.

Wengi mnanijua kama yule mama wa samaki wa mpira. Tulipokimbia vita Kabambare nilifika Kasongo na lisansi, shahada yangu ya biolojia, na bakuli moja la plastiki. Bakuli ndilo lililopata kazi kwanza. Wifi yangu alinipokea na watoto wake wamejaa nyumbani, hakuna anayekwenda shule, nami nikatafuta la kufanya.

Baba yangu alikuwa mvuvi, kwa hiyo nilijua jambo moja: mbenga, yule samaki wa mto Lualaba mwenye meno kama ya mbwa, anapenda kinachokimbia. Nikachonga samaki mdogo wa mti laini, nikamkandamiza katika udongo wa mfinyanzi, nusu huku, nusu huku, nikaukausha na kuuchoma. Hiyo ndiyo kalibu. Ndani yake nilimimina utomvu wa mpira. Ukiganda, unambandua samaki laini anayetikisa mkia majini. Kichwani, penye ndoana, alihitaji uzito ili azame, na uzito niliutoa katika betri kuukuu za gari: risasi, inayoyeyuka juu ya makaa kama mawese yaliyoganda.

Ndugu zangu, nawaambia, kazi ilishika. Wavuvi wa Nyangwe, kule mtoni, walinunua, watoto wakarudi shule, na mimi nikaanza kutembea kama mwenye kiwanda. Mvua ikinyesha niliyeyushia jikoni, mlango umefungwa. Kichwa kikitoka katika kalibu kina vipande vilivyochomoza pembeni, niliving'ata nikavitema, kama mshonaji anavyokata uzi kwa meno. Kisu kilikuwepo. Meno yalikuwa karibu zaidi. Na mnajua nilifundisha nini kule Kabambare? Sumu mwilini, pamoja na mchoro ubaoni. Risasi nilikuwa nimeichora mwenyewe kwa chaki.

Likaanza tumbo, likinikaza kama mkanda. Ikafuata ladha ya chuma mdomoni. Halafu uchovu ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Mwisho mkono. Kwenye matanga ya jirani yetu nilipewa mwiko nisonge bugali, kifundo kikalegea kama kitambaa, mwiko ukaanguka majivuni. Mama mmoja, na yuko hapa, simtaji, akapaza sauti: "Hawa watu wa inivesite! Hata bugali inawashinda!" Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine, maana anayecheka haulizwi.

Wifi yangu hakucheka. Tulipofika nyumbani akasimama mlangoni pa jiko.

"Wifi, malaria gani hii haina homa?"

"Iko ya ndani."

"Ya ndani wapi? Na hii sufuria yako ya risasi, inafanya nini karibu na sombe ya watoto?"

Nilifungua mdomo nimjibu kisomi. Kisha nikatazama. Sufuria mbili, jiko moja, sombe ya majani ya muhogo haina kifuniko, na ukutani juu yake vumbi la kijivu ambalo kila siku nililiita masizi.

"Ni risasi," nikasema. "Ndiyo inayonila."

"Umejua tangu lini?"

Nikainama kuiepua sufuria yangu. Wifi akaimwaga ile sombe, akaanza kupangusa ukuta kwa kitambaa kibichi.

Lopitalini daktari alisema hawana mashine ya kupima, ila dalili zinatosha: niache kabisa, nile vizuri, mkono unaweza kurudi polepole. Watoto aliwaangalia, hakuona kitu kwao, Mungu atukuzwe. Lakini kuacha risasi ni kuacha kazi. Samaki asiyezama ni pambo.

Fundi mmoja wa pikipiki, anayetengeneza zile zinazorudi zimevunjika kutoka migodi ya Salamabila, akanipa nati zake zilizochakaa. Nikazivisha kwenye shina la ndoana, nikaziweka ndani ya kalibu, nikamimina mpira juu yake. Nikapeleka Nyangwe. Mvuvi aliyekuwa akinunua kwangu tangu mwanzo akanirudishia samaki wangu.

"Mama, hii inaogelea kama bata. Mbenga iko chini, wewe unatuma bata. Rudisha ile ya zamani, ao nitatafuta mutu mwingine."

Chuma ni chepesi kuliko risasi, na mkondo wa pale hauna huruma. Nilirudi nikiitamani ile sufuria, nasema kweli. Wifi alikuwa ameshaitoa nyumbani, akijua ndugu yake ameoa mtu wa namna gani. Basi tukaanza kalibu upya: samaki mwembamba, tumbo limepunguzwa ili mpira usimnyanyue, nati mbili chini ya koo. Yeye alishika, mimi nikamimina. Kalibu zikapasuka. Wifi akauliza, "Ile diplome yako haijui kukausha udongo?" Tukarudia. Tulikula muhogo wa shamba lake muda wote huo. Waliotoka sawa nilimpelekea yule mvuvi bure, nikaja nyumbani kulala.

Asante wifi, usijifiche nyuma ya mwenzako. Asante fundi. Asanteni ninyi mliochemsha majani. Yalikuwa machungu na sikustahili hata kikombe kimoja. Funzo langu ni dogo: ukijua jina la kinachokula mwili wako, litaje mapema, hata likikuaibisha, kwa sababu nyumba yako inakula pamoja nawe.

Juzi simu ililia, ni yule mvuvi. Nilisikia maji, na watu wakipiga kelele.

"Mama, ile samaki yako ya nati, mbenga amekata mukia yake."

"Pole, baba."

"Pole ya nini? Nilimutoa! Iko hapa ndani ya mutumbwi, inatupiga miguu. Benzangu wanauliza, utaleta zingine lini?"

"Za risasi sina tena, baba. Sitatengeneza tena."

"Nani amekuuliza risasi?"