Mzee Birika na Mstari wa Pili

Mzee Birika alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, katika nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa nne kati ya sita. Dada yake mkubwa, ambaye ameketi hapa mbele na ana ruhusa ya kukanusha, anasema alizaliwa akilia, na hakunyamaza mpaka alipolowanishwa midomo. Jina la Birika alilipata ukubwani. Kwa miaka thelathini na moja ukoo umeambiwa kwamba ni kwa sababu ya kupenda chai. Hakupenda chai. Aliagiza mwenyewe kwamba siku hii isomwe sababu yenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na sekondari hadi 1976. Mwaka 1977 aliingia chuo kikuu kusomea kilimo, akatoka 1979 mikono mitupu. Yeye alisema ameacha chuo. Barua ya chuo ilisema chuo ndicho kilichomwacha. Ukoo haujafikia mwafaka, na leo si siku yake.

Jumatatu tarehe 7 Januari 1980 aliajiriwa kutunza nyumba ya kioo katika kituo cha utafiti wa mimea. Kazi yake ilikuwa kupanda, kufagia, kumwagilia na, pale ilipoandikwa kwenye kibao, kutomwagilia. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshinda.

Mwaka 1991 alifika mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, dada mwembamba mwenye daftari nene, akapanga mistari miwili ya mtama. Wa kwanza upate maji kila siku, wa pili unyimwe.

"Umekosa nini, huu wa pili?" aliuliza marehemu.

"Haujakosa kitu, kaka. Nataka kusikia unavyolalamika."

Akamweleza. Ndani ya jani mna vijumba vya kijani, kloroplasti. Watu huvijua kama jiko tu, vinapika chakula kwa mwanga wa jua. Lakini maji yakipungua, jiko hilo hilo hupeleka habari kwenye kiini cha seli kwamba mambo si shwari. Humo humo huanza kutengenezwa homoni ya kiu, inayofunga vitundu vya jani ili maji yasitoroke. Homoni za kukuza nazo hupunguza mwendo. Mmea unaacha kurefuka, unajikaza uishi.

"Na ukishalalamika, tunafanya nini?"

"Tunapima."

"Basi?"

"Basi."

Marehemu alivumilia siku tisa. Ya kumi, saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, alichukua birika la ofisini akaupitia mstari wa pili. Kesho yake tena. Akafanya hivyo siku zote za kazi, msimu mzima.

Vipimo vikatoka vimetulia kama maji ya mtungini. Homoni ya kiu haikupanda, urefu haukupungua. Mkuu wa kituo, mtu ambaye hakuwahi kukosa picha, akatangaza kwamba umepatikana mtama usiojua kiu. Magunia ya mbegu yakashonwa tayari kwa wakulima wa nyanda kavu, ambao wangeipanda badala ya mbegu yao ya zamani na kungoja mvua isiyokuja.

Alhamisi tarehe 14 Mei 1992, mwanafunzi akiwa anawasilisha matokeo mbele ya mkuu na wasimamizi wanne, marehemu aliingia na birika mkononi. Mkuu akamwambia chai bado.

"Si chai, mzee. Huu mstari wa pili haujawahi kukauka. Nimekuwa nikiupa kidogo."

Mwanafunzi alikuwa amesimama na chaki. "Kidogo kiasi gani?"

"Birika moja. Mchana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kumi. Nisamehe, dada. Ungenipa wa kwanza tu, nisingeharibu."

Magunia yakafunguliwa, marehemu akakatwa mshahara wa miezi miwili, na mkuu akaamuru neno hilo lisivuke mlango. Jina la Birika likavuka, na chai ikawa sababu yake. Mwanafunzi alianza upya. Kwa miezi minne hakumsalimia mtu huyu hata kwa kichwa.

Mwezi wa tano tangu siku ile alirudi na swali. Birika moja halitoshi miche sitini. Alijuaje upi wa kuupa? Marehemu akaweka mgongo wa mkono kwenye jani, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Lenye kiu lina joto, alisema, hata kabla halijanywea. Mwanafunzi akaenda kupima. Ni kweli: vitundu vikishafungwa, maji hayatoki tena kulipoza jani, nalo linapata moto. Mkono wa marehemu uliitambua kiu siku mbili kabla ya macho ya wasimamizi wanne.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993. Alipoulizwa na shemeji zake amempendea nini mtu aliyemharibia msimu, bibi harusi alijibu, "Angalau najua hajui kuficha." Walijaliwa mabinti wawili.

Katika hilo mkewe alikosea. Marehemu alistaafu 2017, na mwaka 2019 figo zilipoanza kuchoka alinyamaza miezi saba. Daktari aliagiza asafishwe damu mara tatu kwa wiki, na asizidishe vikombe vitatu vya maji kwa siku. Mkewe, bingwa wa kupima, alileta silinda ya maabara nyumbani. Marehemu akiitazama alikuwa akisema, "Leo mstari wa pili ni mimi." Mkewe hakucheka. Alipima.

Mwezi wa mwisho, uzito wa marehemu ulikuwa ukipanda pasipo maelezo. Daktari aliwaita wote wawili, akafungua faili, akauliza. Marehemu alitazama dirishani. Mkewe ndiye aliyesema.

"Nimekuwa nikimpa kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Vijiko vitatu. Mchana."

Daktari alisema vijiko vitatu havipandishi uzito kiasi kile. Ni moyo nao ulikuwa umechoka, na zilikuwa zimebaki siku, si wiki. Akafunga faili bila kuandika. Njiani kurudi, marehemu alimwambia mkewe, "Umeharibu vipimo, dada." Alifariki Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa saba na robo mchana, midomo ikiwa imelowa.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watano, dada yake mkubwa ambaye mpaka sasa hajakanusha neno, na mtama mistari miwili nyuma ya nyumba, yote ikimwagiliwa.

Alale kwa amani. Atakayepita kaburini na birika asiulizwe kipimo.